MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Leo sikuletei hadithi ya sungura na fisi. Nataka tuzungumze kuhusu mali iliyo chini ya miguu yako hapo uliposimama, mali ambayo huioni wala huifikirii mpaka siku utakapofungua mfereji usikie "ssss", kisha kimya.

Ninazungumzia mabomba ya maji. Kila mji una idara au kampuni ya maji, na kazi yake si kuchimba mitaro na kuleta bili peke yake. Kazi yake kubwa ni kujua ina nini, kiko wapi, na kiko katika hali gani. Methali niliyoitumia kama kichwa cha makala haya tumeikariri tangu shule ya msingi. Mimi maana yake niliijua usiku mmoja mwaka wa 2024, nikiwa kidato cha kwanza.

USIKU WA MAFURIKO

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni. Vijana walikuwa wakichimba mtaro kando ya barabara ya mtaa wetu ili kulaza nyaya za intaneti. Mmoja akainua sururu, akaishusha kwa nguvu, na kumbe chini palikuwa na bomba kubwa la inchi 6. Maji yaliruka juu kupita paa la duka. Watoto walishangilia. Akina mama walikimbia na ndoo na sufuria. Kufikia magharibi hakuna aliyekuwa akishangilia tena, kwa maana maji yalikuwa yameingia katika nyumba za chini na vibanda viwili vilikuwa vimebomoka.

Mafundi wa maji walifika mapema tu. Tatizo halikuwa uvivu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua vali ya kufunga bomba lile iko wapi. Walikuja na karatasi moja kuukuu iliyochanika katikati, wakaielekeza huku na huku, wakachimba shimo la kwanza, hakuna kitu. Wakachimba la pili, hakuna kitu. Saa sita usiku tukasikia hodi nyumbani.

"Mzee, shikamoo. Samahani kwa kukuamsha," alisema msimamizi wao, matope yamemfika magotini.

"Marahaba, mwanangu. Nilijua mtakuja," babu yangu akajibu. Alikuwa tayari amevaa gambuti.

Babu mzaa mama alifanya kazi ya maji kwa miaka 31 kabla hajastaafu. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga vali. Tulikwenda naye, mimi nikimshikia tochi. Alisimama karibu na nguzo ya stima, akatafuta mahali palipokuwa na mwembe zamani (ulishakatwa), akahesabu hatua 14, akagonga chini kwa fimbo. "Hapa. Chimbeni." Walipochimba futi mbili hivi walikuta kifuniko cha chuma. Barabara ilipoinuliwa kwa kokoto na lami, kifuniko kilifukiwa pamoja nayo, na hakuna aliyeandika popote. Saa saba usiku maji yalinyamaza.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Tuseme bomba lile lilikuwa likimwaga lita 10 kila sekunde, nami nadhani hilo ni kadirio la chini. Kutoka saa kumi jioni hadi saa saba usiku ni saa 9. Saa moja ina sekunde 3,600. Kwa hivyo zilimwagika lita 324,000, yaani mitungi 16,200 ya lita 20. Maji hayo yalikuwa yametekwa, yakasafishwa kwa dawa, na kusukumwa kwa pampu. Yote yakaishia mtaroni kwa sababu ya kifuniko kimoja kisichokuwa katika daftari.

Hayo si yote. Kutengeneza bomba kulichukua siku tatu. Mama yangu huuza chapati na maharagwe, na bila maji hakuna biashara. Mtungi uliokuwa shilingi 20 ukawa shilingi 50 kwa mwenye mkokoteni. Jumatatu na Jumanne sikuja shule, nilikuwa kwenye foleni kisimani. Mdogo wangu akaendesha hadi akalazwa, na daktari akasema ni maji machafu.

DAFTARI LENYEWE NI LIPI?

Ukiuliza mtu idara ya maji ina mali gani, atakutajia magari na ofisi. Kumbe mali nyingi imezikwa. Kuna mabomba makubwa yatokayo kwenye bwawa au chemchemi, mabomba ya kugawa maji mitaani, matangi, pampu, vali, mita za kupimia maji, bomba za wazima moto, na upande wa maji taka kuna mifereji yake na mashimo ya kukagulia ambayo sisi huyaita manholi.

Mali hii haikulazwa siku moja. Chukua mfano wa Nairobi. Reli ilifika hapo mwaka wa 1899 na mji ukaanza kukua. Bwawa la Sasumua lilijengwa miaka ya 1950. La Ndakaini lilikamilika mwaka wa 1994, nalo huweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70 hivi. Mombasa nayo hupata maji ya Marere katika milima ya Shimba, ya Baricho kando ya mto Sabaki, na ya chemchemi za Mzima zilizo ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, yanayosafiri kwenye bomba la zaidi ya kilomita 200. Kila kizazi kilipolaza mabomba yake kilitumia kilichokuwako wakati huo: chuma, mabati, saruji iliyochanganywa na asbesto, kisha plastiki. Kwa hivyo chini ya barabara moja unaweza kukuta bomba la mkoloni likipakana na la juzi.

Sasa, daftari la mali huipa kila kitu nambari yake, kama vile sisi tulivyo na nambari za usajili hapa shuleni. Kisha mbele ya nambari huandikwa: kiko wapi, kimetengenezwa kwa nini, kipenyo chake, kina chake kutoka juu, mwaka kilipowekwa, kilitengenezwa lini mara ya mwisho, kwa tatizo gani, na nani aliyetengeneza. Bomba likipasuka mara nne kwa mwaka mmoja, daftari litasema. Asiye na daftari ataliziba mara nne, na mara ya tano pia.

Faida nyingine ya daftari ni kupanga nani ahudumiwe kwanza. Fedha hazitoshi kamwe, hilo kila mzazi analijua. Wataalamu hujiuliza maswali mawili: je, ni rahisi kiasi gani kitu hiki kuharibika? Na kikiharibika, ni wangapi wataumia? Kila swali hupewa alama kutoka 1 hadi 5, kisha alama huzidishwa. Tuchukue bomba lililooza kabisa, lenye alama 5, lakini linahudumia ploti chache tu, alama 1. Tano mara moja ni 5. Tuchukue jingine lililochakaa kiasi, alama 3, lakini ndilo linalopeleka maji hospitalini, alama 5. Hilo linapata 15. Basi la hospitali litabadilishwa kwanza, ingawa lile jingine ndilo linaloonekana bovu zaidi. Wenye ploti watanung'unika, lakini hesabu imesema. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tatizo ni kwamba nyufa ni nyingi na saruji ni kidogo, kwa hivyo lazima ujue ufa upi unashikilia nyumba.

KUTOKA KARATASI HADI TARAKILISHI

Daftari peke yake halitoshi. Ukiambiwa "vali nambari 208 iko kando ya barabara" bado utachimba usiku kucha. Hapo ndipo ramani inapoingia.

Zamani ramani zilichorwa kwa mkono. Katika ramani ya kipimo cha 1:1000, sentimita moja ya karatasi ni mita 10 za ardhi. Ni ramani nzuri, lakini karatasi huliwa na mchwa, hulowa, na hukaa kwenye kabati ambalo ufunguo wake uko na mtu aliyeenda likizo. Tena mji ukibadilika, karatasi haibadiliki.

Siku hizi kuna mfumo wa taarifa za kijiografia unaotumia tarakilishi. Ili kuuelewa, kumbuka lile somo la Jiografia tulipoweka karatasi za kupenyeza mwanga moja juu ya nyingine. Karatasi ya chini ina barabara, ya pili ina ploti, ya tatu mabomba ya maji, ya nne maji taka, ya tano nyaya za stima. Tarakilishi hufanya vivyo hivyo kwa tabaka. Tofauti ni kwamba kila mstari na kila nukta imefungwa pamoja na ukurasa wake wa daftari. Ukigusa vali, habari zake zote zinafunguka. Ukiuliza, "Bomba hili likipasuka nifunge vali zipi, na nyumba zipi zitakosa maji?" mfumo unafuata mistari na kukuonyesha. Zipo programu za kazi hii zinazouzwa ghali, na zipo kama QGIS zinazotolewa bila malipo.

Mahali pa kila kitu hupatikana kwa msaada wa setilaiti zinazozunguka dunia kiasi cha kilomita 20,000 juu yetu. Kifaa kinahitaji kupokea mawimbi kutoka kwa setilaiti nne angalau ili kijue kiko wapi. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, hata kosa likaweza kufika mita 100. Uvurugaji huo ulipokomeshwa, kazi ikawa rahisi duniani kote. Hata hivyo ujihadhari. Simu ya mkononi inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na mita tano ni tofauti ya upande huu na upande ule wa barabara. Ndiyo maana wapima ardhi hutumia vifaa maalumu vinavyokosea kwa sentimita tu.

RAMANI HUOKOA MAISHA

Usidhani hili ni jambo la mafundi peke yao. Mwaka wa 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho, London, na watu zaidi ya 600 wakafariki. Wengi waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa mbaya. Daktari John Snow alizunguka akiuliza ni nani aliyefariki na alikuwa akiteka maji wapi. Akaona wengi walikunywa maji ya pampu moja iliyokuwa Broad Street. Aliwashawishi wakuu wa mtaa, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ile ukaondolewa. Baadaye aliviweka vifo hivyo kwenye ramani, kila kifo mstari mdogo mweusi, na mistari ikajazana kuizunguka pampu. Aliyeiona ramani ile hakuhitaji maelezo marefu.

Kwetu hapa jambo hilo lina uzito wake. Bomba linapokosa maji, ndani hubaki bila presha. Ikiwa lina ufa na limepita kando ya mfereji wa maji taka, uchafu huweza kufyonzwa ndani, na maji yanaporudi unaufungulia mfereji wako uchafu huo. Ukiwa na ramani yenye tabaka zote mbili utajua mahali mabomba yanapokaribiana na yale ya maji taka, uyaangalie kwanza. Nikimkumbuka mdogo wangu na dripu mkononi, sioni kwamba huu ni mchezo wa tarakilishi.

Kisha kuna maji yanayopotea. Ufa mdogo unaomwaga lita 1 tu kwa sekunde hupoteza lita 86,400 kwa siku, yaani mitungi 4,320. Nchini Kenya, takriban nusu ya maji yanayosafishwa na makampuni ya maji hayaleti mapato, kwa sababu yamevuja, yameibwa, au mita zimekosea. Bodi ya kudhibiti huduma za maji, WASREB, haikubali upotevu unaozidi asilimia 25. Utamjuaje mwizi aliye chini ya ardhi? Mji hugawanywa katika kanda kwenye ramani, na kila kanda huwekewa mita yake mlangoni. Kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wamelala. Mita ya kanda ikiwa bado inakimbia saa hizo, kuna anayekunywa: ama ufa, ama jirani aliyejiunganishia bomba gizani. Mafundi huenda huko na kusikiliza ardhi. Babu aliniambia wao walitumia chuma kirefu, ncha moja kwenye bomba, nyingine sikioni. "Maji hayawezi kunyamaza, mjukuu wangu," alisema. "Yakitoroka lazima yapige kelele."

RAMANI ILIYOKUWA KICHWANI

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mapema mwaka wa 2025 babu alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa na maneno yakapotea. Anaelewa kila kitu, lakini ukimuuliza jambo anatoa sauti moja tu, halafu machozi. Siku moja nikakumbuka ule usiku. Nikajiuliza, zile vali nyingine nani anazijua? Ramani ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na mlango wa kichwa hicho ulikuwa umefungwa.

Likizo ya Agosti nilimweleza mwalimu wetu wa Jiografia, ambaye pia ni mlezi msaidizi wa chama chetu. Alituazima utepe wa kupimia na dira. Mimi na wenzangu watatu tulimketisha babu kwenye kiti cha magurudumu tulichoazima zahanati, tukamsukuma mtaani polepole. Alipotaka tusimame aligonga kiti kwa mkono wa kushoto. Kisha alionyesha kwa kidole. Tulipima umbali kutoka vitu viwili visivyohama, kama pembe ya ukuta na nguzo, tukaandika. Kwa siku nne tulipata vali 11. Watu walitucheka, ati tunamtembeza mzee juani kama mtalii.

Tulipeleka daftari letu ofisi ya maji. Nilidhani watatufukuza. La hasha! Ofisa mmoja kijana alitukaribisha chai, akaziingiza zile nukta 11 kwenye tarakilishi yake, na wiki iliyofuata mafundi wakaenda kuchimba. Vali 10 zilipatikana pale pale. Ya 11 haikupatikana. Ofisa akasema labda mzee alisahau.

Jioni moja akaja nyumbani na tarakilishi yake ndogo, akamwonyesha babu mtaa wetu ulivyo kwenye kioo. Babu alitazama kwa muda mrefu. Kisha akanyanyua mkono wa kushoto, akaweka kidole juu ya nukta ya 11, akakiburuta hadi ng'ambo ya barabara. Kosa lilikuwa langu. Siku ile alipoonyesha mbele, mimi niliandika upande wa karibu. Walipochimba ng'ambo waliikuta, imefunikwa na kifusi cha ukuta wa kanisa. Mama alisema tangu augue hajamwona babu akila ugali vizuri kama usiku huo.

Kutokana na hayo nilijifunza kwamba ramani inaweza kusema uongo kwa utulivu kabisa. Haioni haya. Kwa hivyo kila fundi akimaliza kuchimba, kabla hajafukia, apime na kuandika alichokiona. Na ofisi iende ikahakikishe. Tarakilishi hodari iliyojazwa habari za uongo ni sawa na kabati lililojaa nzige.

TUFANYE NINI?

Wanafunzi wenzangu, Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na ya kutosha. Haki hiyo haiji kwa kuandikwa tu. Inapitia kwenye bomba, na bomba linahitaji mtu anayejua liko wapi. Wale wanaopenda Jiografia na Hisabati wasidhani kazi ni udaktari na uanasheria peke yake. Kuna taasisi ya upimaji na ramani kule Ruaraka, Nairobi, kuna taasisi ya maji, KEWI, na vyuo vikuu hufundisha taaluma hii. Nafasi zipo.

Hata hapa shuleni tunaweza kuanza. Muhula uliopita tulichora ramani ya mabomba ya shule. Tulipata vali tatu. Ya nne, kwa maelezo ya bawabu wetu wa siku nyingi, iko chini ya sakafu ya maabara mpya! Siku bomba la maabara litakapopasuka tutafunga maji ya shule nzima, jikoni na vyooni. Nakala ya ramani hiyo imebandikwa katika ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu. Naomba kila anayechimba, awe anapanda mti au anasimamisha goli, aende akaitazame kwanza.

Na nyumbani, ukiwa na mzee au mama aliyefanya kazi kwa miaka mingi, iwe ni ya maji, stima, reli au shamba, keti naye na kalamu. Muulize leo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kilicho chini ya ardhi ndicho cha mvunguni hasa.

Wino wangu unaelekea ukingoni. Naweka kalamu chini, nikimshukuru babu yangu, ambaye makala haya yatasomwa mbele yake kabla hayajafika kwa mhariri. Palipo na kosa atagonga kiti.